Vidole Vinne Juu ya Tairi

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza saa kumi na moja alfajiri, na Mheshimiwa naye. Mheshimiwa ni mwanangu wa mwisho, miezi saba, hana jino wala haya. Hulala mahali pamoja tu duniani: kwenye kiti chake, ndani ya gari, gari likiwa linakwenda. Likisimama anafumbua jicho moja, kama bosi anayeuliza nani kazima feni.

Daftari hili ni la miche. Mwalimu mkuu wa shule ya mlimani ameagiza miche elfu moja ya miti ya kivuli. Anaitaka tarehe 24, 25 na 26 Aprili. Si kabla, maana shule haina uzio na mbuzi wa majirani hawajui kusubiri. Si baada, maana Jumamosi ile wanafunzi wote wanapanda, wanafunga shule, na mvua nayo itakuwa inaaga. Kwenda mlimani na kurudi ni nusu siku. Yaani safari mbili kwa siku, sita kwa jumla. Gari letu hili kuukuu la mgongo mrefu, ukilipakia miche themanini iliyolowa, linakaa chini nyuma kama kuku anayetaga. Themanini mara sita haijawahi kuwa elfu, hata ukiomba.

Miche ikinibakia, mizizi itatoboa viriba, na kazi yangu ya mwaka mzima itakuwa kuni changa.

Kwa hiyo kila siku nitaandika mvua, miche na vidole. Vidole nilifundishwa na Fundi Sikio wa gereji ya kona. Unavipachika kati ya tairi la nyuma na bodi iliyo juu yake. Vikiingia vinne, nenda popote. Viwili, nenda kwa adabu. Kimoja, shuka utembee.

Mama mkwe amefika leo, kukaa siku tatu. Amekuja na masanduku matatu.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Miche themanini kwa mteja wa bondeni. Vidole viwili. Mama akipanda: kimoja.

Jumamosi, 9 Machi

Mume wangu ni karani wa maktaba, mtaani wanamwita Msomi. Anajua kila kitu isipokuwa kile kilichoharibika siku hiyo. Asubuhi aliniambia, "Mke wangu, nimesoma. Springi za nyuma zimechoka, zinajibana zenyewe kwa zenyewe. Kinachotakiwa ni kuzitia kitu katikati. Mpira."

"Mpira wa nani, Baba Kasuku?"

"Mpira ni mpira."

Akashinda chini ya gari, miguu nje kwenye tope, akitoka kila nusu saa kuingia ndani na kurudi na kitu kimefichwa kwenye shati. Saa kumi alitoka mweusi kama mkaa, anacheka. Tukapima: vidole vitatu! Nilimkumbatia na tope lake lote.

Jioni Mama akasimama mlangoni peku. "Jamani, kandambili zangu ziko wapi?"

Msomi akakumbuka ghafla kwamba hajasoma gazeti. Nikaenda kuvaa zangu nimsaidie kutafuta. Na zangu hazikuwapo.

Jumatatu, 11 Machi

Manyunyu. Miche tisini. Gari sasa linalia kwenye kila tuta, kwii, kwii. Mheshimiwa analala, Kasuku (huyu ni binti yangu wa miaka mitano, haachi neno lipite bila kulirudia) analia nalo, kwii, kwii.

Mbele ya soko kitu kilidondoka. Mpagazi mmoja akakimbia, akagonga dirisha la nyuma. "Mama, umeangusha kiatu." Akampa Mama nusu ya kandambili ya buluu yenye ua jekundu.

Mama aliitazama mpaka tukafika nyumbani. Mume wangu alipofungua mlango wa gari, akamwekea mkononi. "Hivi mimi nilizaa karani au nilizaa panya?"

Jumanne, 12 Machi

Mvua. Vidole viwili. Mama yupo. Siku tatu zimefika tisa.

Jumanne, 19 Machi

Leo imekuwa leo.

Nilikuwa na miche mia moja, nikijua fika ni mingi. Nikaliona shimo, nikalikwepa, nikaingia kwenye la pili lililojificha chini ya maji. Nyuma ikapiga chini, paa! Kandambili zote zikapasuka. Ekzosi ikaning'inia, gari likanguruma kama trekta lenye hasira, na Mheshimiwa akaamka kutoa maoni yake. Nikaenda hivyo hivyo, polepole, mpaka kwa Fundi Sikio, watu wakitoka madukani kutuangalia.

Fundi Sikio hashiki spana kabla hajasikiliza. Analaza sikio kwenye bodi, anafumba macho, anataka watu wote wanyamaze. Mheshimiwa hakunyamaza. Fundi akalisikiliza gari, akamsikiliza na mtoto, akasema, "Wote wawili wana haki."

Kisha akaingia chini na kuanza kutoa vipande vya kandambili kimoja kimoja, akivipanga kwenye benchi kama duka. "Ya kushoto. Hii nayo ya kushoto. Hii ya kushoto. Dada, nyumbani kwenu mguu wa kulia mnautembelea nini?"

Nikaivuta miguu yangu nyuma. Nilikuwa nimevaa viatu vya harusi yangu, ndivyo vilivyobaki.

Akaniambia kwa utulivu, kama daktari. Hakuna ujanja: nitoe springi zilizochoka, niweke nene za gari kubwa la mizigo zenye kimo kilekile, na shokomzoba mpya, maana springi bila shokomzoba ni mtoto bila mama, inarukaruka tu. Atakagua na breki. "Kubeba si kazi, dada. Kazi ni kusimama."

"Zikiwa nene nitabeba miche mingapi?"

"Mia mbili, bila wasiwasi. Ila nikwambie mapema: springi nene ni kama mlinzi mkali. Mzigo ukiwepo, anatulia. Mzigo usipokuwepo, anawapiga wenye nyumba."

Nilisikia mia mbili. Hayo mengine yalipita.

Alhamisi, 21 Machi

Mvua. Gari liko gereji. Mheshimiwa halali. Nimemsukuma kwenye toroli la miche kuzunguka nyumba mara arobaini. Alilala mara ya thelathini na nane, nikapita juu ya jiwe.

Jumatatu, 25 Machi

Springi bado zinatafutwa. Mama amembeba Mheshimiwa mgongoni tangu asubuhi ili nijaze viriba.

Jumanne, 2 Aprili

Zimefungwa! Nyuma ya gari imenyanyuka kama nyigu. Nilipima: vidole vinane, mkono wangu mzima na wa Kasuku. Fundi alilazimika kuinua taa za mbele, zilikuwa zinamulika vidole vya miguu ya watu.

Kisha tukapakia. Mia. Mia na hamsini. Mia mbili! Vidole vinne. Nikaendesha mpaka kwa mteja wa bondeni, na gari likapita juu ya mashimo kama bibi harusi juu ya zulia. Nilikuwa naimba.

Nikashusha miche. Nikaanza kurudi.

Ee Mola. Kila kokoto nililijua kwa jina. Gari tupu lilirusha nyuma kama punda aliyeumwa na nzi. Meno yangu yaligongana, kiti cha Mheshimiwa kikatetemeka, naye akaamka na kulia njia nzima, na kilio chake kilikuwa kinakatwakatwa, a-a-a-a, kama anaimba kwaya.

Mlinzi mkali. Sasa ndiyo nimemwelewa fundi.

Ijumaa, 5 Aprili

Mvua. Mheshimiwa hakulala. Kwa hiyo na mimi.

Jumamosi, 6 Aprili

Kama jana. Nimetia chumvi kwenye chai ya Msomi. Ameinywa, maskini, akasema nzuri.

Jumatatu, 8 Aprili

Nimegundua! Nilimpeleka Mama kuchukua miwani yake mipya. Akakaa nyuma, karibu na Mheshimiwa. Vidole vitano. Gari likatulia, lile lile gari, njia ile ile, hamna mche hata mmoja ndani, na kabla hatujafika kona Mheshimiwa alikuwa anakoroma. Alilala saa mbili. Niliegesha chini ya mti wa watu huku injini inanguruma, nikalala na mimi. Mama alikaa kimya akitulinda wote wawili, anasoma kwa miwani yake mipya kila kibao cha barabarani.

Kwenda mlimani nina mzigo. Kurudi nina Mama. Elfu moja inawezekana.

Jumanne, 9 Aprili

Naandika hapa kwa aibu.

Mama na miwani yake: jana alisoma vibao, leo asubuhi alisoma pakiti ya sabuni, maelezo ya dawa ya kikohozi, tarehe ya mwisho ya unga. Kisha akavuta daftari hili mezani. Mimi naosha vikombe. Nikasikia sauti ya kusoma, pole pole, kama ya darasa la tatu.

"Jumanne, tarehe tano, Machi. Mvua. Miche themanini. Vidole viwili. Mama akipanda... kimoja." Akanyanyua uso. "Kimoja nini, mwanangu?"

Kikombe kikanitoka. Kabla sijapata uongo wa maana, Kasuku akawahi. "Kidole, Bibi! Ukipanda gari linakaa chini, hivi! Baba ndiyo akaweka ndala zako. Halafu fundi akaweka chuma!"

Mama akavua miwani. "Kumbe chuma chote kile ni kwa ajili yangu."

"Hapana, Mama. Ni kwa ajili ya miche."

"Miche imeandikwa mahali pake, mwanangu. Na mimi nimeandikwa mahali pangu." Akalifunga daftari taratibu, akalisawazisha na ukingo wa meza. "Haidhuru. Miguu ninayo."

Afadhali angenipiga.

Alhamisi, 11 Aprili

Mvua kubwa. Mama amekwenda sokoni kwa miguu. Nilimfuata na gari, kioo chini, mwendo wa kobe, mimi naloa na yeye analoa.

"Mama, panda, tafadhali."

"Gari lisije likaumia."

"Mama, watu wanatuangalia."

"Wape daftari waandike."

Nyuma yangu magari saba yalikuwa yanapiga honi. Mheshimiwa alilia kwaya yake.

Jumanne, 16 Aprili

Msomi amesoma tena. Anasema uzito ni uzito, nibebe viroba vya udongo, nirudi navyo. Nikapakia miche hamsini ya mteja wa njiani na viroba vitatu, nikashusha miche, nikapanda hadi shuleni kuangalia mashimo ya kupandia. Kweli gari lilitulia. Lakini tope lilikuwa limeingia mpaka kwenye viti, ikabidi nishushe viroba langoni, nifagie, nivipakie upya peke yangu huku mgongo unalia kama zile kandambili. Mlinzi wa shule akatoka kwenye kibanda.

"Mama, udongo huo unaupeleka wapi?"

"Nyumbani. Nimekuja nao."

"Umekuja na udongo, unarudi na udongo."

"Ndiyo, kaka yangu. Ni wa kumlaza mtoto."

Akamtazama Mheshimiwa aliyekuwa analia, akatazama viroba, akatazama mlima. "Wezi wote wana hadithi, lakini hii sijawahi kuisikia." Nikaviacha vyote palepale langoni.

Safari sita za namna hii siziwezi. Gari linaweza. Mimi ndiye sina springi.

Ijumaa, 19 Aprili

Leo nimerudia kusoma daftari lote. Siku tatu za Mama zimefika arobaini na saba. Tangu afike sijafua nepi hata moja. Sijawasha jiko asubuhi hata mara moja. Hayo sikuyaandika popote. Niliandika kidole.

Jumatatu, 22 Aprili

Imebaki siku mbili. Nilimkuta Mama nyuma ya nyumba anaanika nepi kati ya mvua na mvua, miwani juu ya paji. Nikamshikia kapu la vibanio, nikamwambia, "Mama, nimekuja kuomba radhi. Nimekuja na daftari na kalamu."

Akabana nepi mbili kwanza. "Uliandika uongo."

"Niliandika vibaya, Mama. Nisamehe."

"Sisemi vibaya. Nasema uongo. Mara ya mwisho nilipopanda umeandika vitano. Jana mlipokwenda kwa fundi wa redio nilipanda mwenyewe, gari limesimama, Kasuku akapima. Ni vinane. Sikulishusha hata unywele."

Vidole vya Kasuku ni vyembamba kama vijiti vya kiberiti. Hesabu niliifanya kichwani na kuizika huko huko. "Kweli, Mama. Vinane."

"Andika."

Nikaandika mbele yake, na hapa nakopi: *Mama akipanda: vinane.*

Akasoma, akaridhika. Ndipo nikavuta pumzi. "Mama, keshokutwa naanza kupeleka miche ya shule. Nakuomba twende wote."

"Kama nani?"

"Kama bibi yake Mheshimiwa."

"Sema kweli, mwanangu."

Nikatazama vibanio. "Kama mzigo, Mama."

Nepi zinadondosha matone. Halafu kitu kikaanza tumboni mwake, kikapanda mabegani, akacheka mpaka miwani ikaanguka kwenye beseni, akaishika kamba, kamba ikakatika, na nepi zote zikaenda kwenye tope. Tuliziokota tukicheka kama wehu.

"Mimi," akasema akifuta macho, "nimebeba watoto sita mgongoni na kuni kichwani juu yao, miaka yote hiyo. Hakuna aliyeniuliza hata siku moja springi zangu zikoje."

Nikamuuliza, "Zikoje, Mama?"

Akafikiri. "Zimechoka kidogo. Lakini hazijakatika."

Jumatano, 24 Aprili

Mvua asubuhi. Safari mbili, miche mia nne. Na Mama ndani: vidole vitatu kwenda, vitano kurudi. Mheshimiwa kalala kwenda na kurudi. Langoni mlinzi aliinama dirishani. "Leo hukuleta udongo?"

"Leo kanileta mimi," akasema Mama. "Niandike kwenye kitabu chako. Naingia, na nitatoka. Usije ukasema nimeibwa."

Alhamisi, 25 Aprili

Asubuhi miche mia mbili, salama. Ya jioni nusura.

Tulishusha nyingine mia mbili, tukawa tunarudi tupu, na pale kwenye kidimbwi chini ya mlima magurudumu ya nyuma yakaanza kuzunguka bure. Hayo ya nyuma ndiyo yanayosukuma gari letu, na kwa springi hizi, bila mzigo yanagusa tope kama mtu anayejaribu joto la chai. Nikakanyaga mafuta, tukazama. Nikaacha, tukazama. Giza la mvua linakuja. Kesho ina miche mia mbili ya mwisho, na sisi tumo kwenye tope kama viboko.

"Uzito unatakiwa wapi hasa?" Mama akauliza.

"Nyuma kabisa, Mama. Juu ya magurudumu."

Akafungua mlango bila neno, akazunguka na mwavuli wake, akafungua mlango wa nyuma, akaingia kwenye sehemu ya miche. Akaketi katikati ya majani na udongo, ameipa njia mgongo, mwavuli wazi kwa sababu mlango wa nyuma haukufunga vizuri. Nilihisi gari likishuka, taratibu, likashika ardhi.

"Haya!" akapiga bodi kwa kiganja. "Endesha! Na usiandike!"

Tukatoka kama kizibo. Tulipita sokoni hivyo hivyo, Mama ameketi nyuma anawapungia watu.

(Naandika. Akisoma atanisamehe: vidole vinne, Mama. Vinne kamili. Nilishuka nikapima.)

Ijumaa, 26 Aprili

Saa tano asubuhi. Elfu moja. Mwalimu mkuu ametia sahihi. Nililia kidogo kwenye usukani, Mama akajifanya anasoma kibao.

Jumapili, 28 Aprili

Jua.

Jumamosi, 4 Mei

Siku tatu za Mama zimekwisha. Amesema mwenyewe mvua imekwisha, miche imekwisha, na ana kuku wake. Msomi alimnunulia kandambili mpya, za buluu zenye ua, na akaapa mbele yetu sote kwamba hatazisoma.

Tukampeleka stendi familia nzima. Alishuka na masanduku yake matatu, na gari likanyanyuka nyuma, fyuu, kama mtu aliyeshusha pumzi. Nikapachika mkono kwa mazoea. Sitasema vingapi. Nilikaa pale na mkono wangu kwenye nafasi ile mpaka Msomi akaniuliza kama nimebanwa.

Tulirudi tukirukaruka. Kwenye tuta la kwanza Mheshimiwa akafumbua jicho moja. La pili, mawili. La tatu, kwaya. Kasuku akasema, "Bibi hayupo, ndiyo maana," kama kwamba kuna mtu alikuwa hajui. Msomi alikohoa. Alikuwa amesoma, akasema, kwamba viroba vya mchanga mkavu haviachi tope.

"Baba Kasuku," nikamwambia, "nyamaza."

Nikageuza gari.

Mama alikuwa ameketi juu ya sanduku kubwa kivulini, miwani machoni, anasoma tiketi mbele na nyuma. Hakushtuka kutuona.

"Basi halijafika, Mama?"

"Yamefika mawili. Nimeyaacha yapite."

"Kwa nini?"

"Nilisoma njia wakati tunakuja. Ina matuta tisa." Akainuka, akamkabidhi mwanawe sanduku. "Nilijua hamtavuka la nne. Kuku wana jirani. Nipakieni."

Mama nyuma, Mheshimiwa pembeni yake, Kasuku miguuni, Msomi amekumbatia masanduku. Nilishuka kupima kabla hatujaondoka.

Vidole vinne.